Vyeti vya tovuti vikaguliwe kabla havijaisha muda

MWALIMU mmoja wa shule ya upili katika Kaunti ya Migori aliingia Jumamosi asubuhi katika duka la intaneti mjini Awendo, lile ambalo vijana hupenda kuliita saiba. Alikuwa ameandamana na wasichana wawili waliomaliza Kidato cha Nne, wakitaka kujaza fomu za kuomba nafasi katika chuo kimoja cha mbali. Muda wa kutuma maombi ulikuwa ukikamilika kesho yake, saa sita za usiku. Walipoifungua tovuti ya chuo hicho, ukurasa haukutokea. Badala yake kioo cha kompyuta kiliwaonyesha onyo kwamba mawasiliano hayo hayakuwa salama, kwani cheti cha tovuti hiyo kilikuwa kimeisha muda.

Kijana mhudumu hakushtuka hata kidogo. "Mwalimu, usiwe na wasiwasi," akasema. "Bonyeza pale chini, uendelee tu. Hiyo ni kawaida." Mwalimu akasita. Ndipo mmoja wa wasichana wale alipouliza swali ambalo mwandishi wa safu hii, aliyekuwa akingojea zamu yake, hajalisahau hadi leo: "Lakini mwalimu, ikiwa ni kawaida, mbona basi wanatuonya?"

Hakuna aliyemjibu. Muda ulikuwa ukiyoyoma na nauli ya kurudi tena haikuwepo. Walibonyeza, wakaendelea, wakajaza majina, nambari za vitambulisho, alama za mtihani na nambari za simu za wazazi. Cheti cha chuo kile kilitengenezwa upya Jumatatu, siku moja baada ya dirisha la maombi kufungwa. Baadaye tuliambiwa kwamba barua za kukumbusha zilikuwa zimetumwa mara kadhaa, ila zilikwenda kwenye anwani ya afisa aliyekuwa ameacha kazi zamani.

Swali la binti yule ndilo kiini cha maoni yetu leo. Twashikilia kwamba cheti cha tovuti kuachwa kikaisha muda ni uzembe usio na udhuru, maadam programu za kukikagua kila siku zipo na nyingi hazina bei. Aidha, twashikilia kwamba shule na vyuo vya Migori na Homa Bay vina watu wa kutosha kuifanya kazi hiyo bila kungoja mtu kutoka Nairobi.

CHETI NI NINI?

Ni vyema tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa wengi huliona lile alama la kufuli juu ya kioo wasijue maana yake.

Katika sehemu zetu hizi ni desturi kumpa utingo wa matatu bahasha aifikishe kwa jamaa. Bahasha itokayo Sori kwenda Kisii hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Ikiwa haikufungwa, kila aishikaye aweza kusoma yaliyomo, na mwenye nia mbaya aweza hata kubadilisha. Ndivyo ulivyo ujumbe wa intaneti. Hutoka kwenye simu, ukapita katika mtambo wa saiba au mnara wa kampuni ya simu, ukapita mitambo mingine mingi, hata ukafika kwenye seva iliyowekwa tovuti. Ili njiani usisomwe, ujumbe huo hugeuzwa kuwa mafumbo ambayo mwenye ufunguo peke yake ndiye awezaye kuyafumbua.

Lakini kufunga bahasha hakutoshi. Waweza kuifunga kwa lakiri, kisha ukamkabidhi mtu uliyemdhania kuwa ni jamaa yako kumbe siye. Hapo ndipo cheti kinapohitajika. Cheti ni hati ya kielektroniki ielezayo jina la tovuti, ufunguo wake wa hadharani, siku kilipoanza kutumika na siku kitakapokoma. Hati hiyo hutiwa saini na mamlaka ya kutoa vyeti, ambayo kabla ya kutia saini huhakikisha kwamba mwombaji kweli ndiye anayeimiliki anwani ile. Kivinjari cha simu au cha kompyuta kina orodha ya mamlaka kinazoziamini. Kikiona saini ya mojawapo, jina likawa sawa na tarehe ikawa haijapita, hufungua ukurasa. Kimojawapo kikikosekana, hutoa onyo.

Wauzaji samaki wa ufuo wa Homa Bay na wakulima wa miwa wa Awendo hawatashangazwa na utaratibu huu. Mizani ya sokoni hukaguliwa na maafisa wa vipimo, ikapigwa muhuri, na muhuri huo una muda wake. Mnunuzi hana njia ya kuifungua mizani aone ndani. Huutazama muhuri. Mizani isiyo na muhuri wa mwaka huu yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini mkulima mwenye busara hakubali miwa yake ipimwe kwayo.

KWA NINI KIWE NA MWISHO?

Wapo wanaouliza kwa nini cheti kisitolewe mara moja, kikadumu milele. Sababu ni tatu. Kwanza, ufunguo wa siri waweza kuibwa bila mwenyewe kujua, na kadiri cheti kinavyodumu ndivyo mwizi anavyozidi kufaidi. Pili, anwani za tovuti hubadilisha wenyewe. Aliyekuwa na anwani mwaka juzi huenda leo si yake tena, na si haki aendelee kushika hati yake. Tatu, mbinu za kufumba ujumbe huzeeka. Ile iliyoaminiwa jana huvunjwa kesho, na vyeti vya muda mfupi huwezesha mbinu kongwe kuondolewa upesi.

Mamlaka zenyewe pia huweza kuingiliwa. Mwaka wa 2011 kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi ilivamiwa na wadukuzi waliojitolea vyeti vya uongo, kimojawapo kikiwa cha jina la Google, kikatumiwa kuwapeleleza watu nchini Iran. Vivinjari viliiondoa kampuni hiyo katika orodha ya kuaminiwa, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Tangu hapo wataalamu wamezidi kuamini kwamba imani ya muda mfupi ni salama kuliko imani ya muda mrefu.

WAKUBWA PIA HUSAHAU

Asije mtu akadhani kwamba kusahau cheti ni aibu ya vyuo vidogo peke yake. Desemba 6, 2018 wateja wapatao milioni 32 wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza walipoteza huduma ya data, na wateja wa SoftBank huko Japani wakapatwa na masaibu ya aina hiyo. Kisa chake hakikuwa vita wala tetemeko la ardhi. Ndani ya programu iliyotengenezwa na kampuni ya Ericsson mlikuwa na cheti kilichoisha muda.

Januari 2019, shughuli za serikali ya Marekani ziliposimama kwa ajili ya mzozo wa bajeti, vyeti zaidi ya 80 vya tovuti za serikali hiyo viliisha muda huku watumishi wa kuvitengeneza upya wakiwa nyumbani. Februari 3, 2020 huduma ya Teams ya kampuni ya Microsoft ilikwama kwa saa kadhaa kwa sababu iyo hiyo.

La kutisha zaidi ni lile la Equifax, kampuni ya Marekani itunzayo habari za mikopo ya watu. Mwaka wa 2017 wezi waliingia katika mitambo yake wakachota habari za watu wapatao milioni 147. Kampuni hiyo ilikuwa na chombo cha kuchunguza mawasiliano yanayopita, lakini cheti cha chombo hicho kilikuwa kimekufa kwa miezi mingi, kwa hiyo chombo kikawa kipofu. Wezi walichota kwa zaidi ya miezi miwili. Mwishoni mwa Julai cheti kilipofanywa upya, chombo kikaona, na wizi ukagunduliwa papo hapo. Hapa hakuna mtumiaji aliyeona onyo wala ukurasa uliogoma kufunguka. Cheti kilikufa kimya, na mlango uliokuwa ukilindwa ukabaki bila mlinzi.

Kampuni hizi hazikukosa fedha wala wasomi. Zilichokosa ni orodha kamili ya vyeti vyake na mashine ya kuvitazama kila siku. Zilitegemea kumbukumbu ya binadamu, na binadamu huugua, huhamishwa, huenda likizo, na mara nyingi husahau.

KALENDA YA UKUTANI HAITOSHI TENA

Tatizo hili litazidi kukua. Mwaka wa 2018 muda mrefu kabisa ulioruhusiwa wa cheti cha tovuti ulishushwa hadi siku 825. Mwaka wa 2020 ukashushwa hadi siku 398. Aprili 2025 jumuiya ya watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari ilipiga kura ikapitisha ratiba kali zaidi. Cheti kitolewacho kuanzia Machi 15, 2026 kisizidi siku 200. Kuanzia Machi 15, 2027 kisizidi siku 100. Kuanzia Machi 15, 2029 kisizidi siku 47.

Mwalimu na apige hesabu. Taasisi yenye anwani kumi, yaani ya tovuti kuu, ya matokeo, ya maktaba, ya barua na nyinginezo, ilikuwa ikifanya kazi hii mara kumi kwa mwaka. Kwa muda wa siku 47 itaifanya karibu mara 80. Hakuna karani awezaye kuifanya kazi hiyo kwa kalenda iliyotundikwa ukutani asikosee hata mara moja. Kadhalika, wale waliozoea kukumbushwa kwa barua na wajihadhari. Let's Encrypt, mamlaka ya Marekani itoayo vyeti bila malipo tangu mwishoni mwa 2015, iliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 4, 2025. Ilisema wateja wake wengi sasa hutumia programu zinazofanya upya vyeti zenyewe.

KAZI YA MASHINE

Je, mashine hukaguaje? Programu hupewa orodha ya anwani. Kila alfajiri huzipigia hodi moja baada ya nyingine, kama vile kivinjari kinavyofanya. Kila seva hutoa cheti chake. Programu husoma tarehe ya mwisho, ikahesabu siku zilizobaki. Zikibaki siku 30, hutuma ujumbe kwa mhusika. Zikibaki 14, hutuma tena. Zikibaki saba, humpelekea ujumbe mkuu wa idara kwenye simu yake. Programu ya OpenSSL, iliyoanza kutolewa mwaka wa 1998 na isiyo na malipo, yatosha kwa kazi hiyo, na maagizo yanayohitajika hayazidi mistari michache. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu aweza kuyaandika kwa alasiri moja.

Hata hivyo, tarehe si jambo la pekee linalofaa kukaguliwa. Jina nalo hukosewa. Cheti chaweza kutaja anwani yenye herufi tatu za "www" mbele na kuisahau ile isiyo nazo, hata nusu ya wageni wakaonywa na nusu wakapita. Mnyororo wa saini nao hukatika. Saini ya mamlaka kuu haiwekwi moja kwa moja juu ya cheti cha tovuti, bali hupitia cheti cha kati, na seva isipokitoa hicho cha kati, kompyuta ya ofisini yaweza kufungua ukurasa kwa kuwa imekihifadhi tangu zamani, ilhali simu ya mzazi kule Ndhiwa hugoma. Msimamizi huambiwa kuna tatizo, akatazama kwenye meza yake, akaona mambo ni shwari, akamlaumu mzazi kwa simu yake mbovu.

Hapo ndipo tunapowanasihi wasimamizi wazingatie jambo moja. Ukaguzi ufanywe kutoka nje, usifanywe kwa kutazama faili iliyomo ndani ya seva. Hutokea mara nyingi kwamba programu kama Certbot imeshaleta cheti kipya, kikahifadhiwa vizuri, lakini seva haikuambiwa ikisome. Ndani mna cheti kipya, nje bado chatolewa kile cha zamani. Anayetazama ndani ataapa kwamba kazi imekamilika. Mgeni anayebisha hodi ndiye ataona ukweli.

Tena, ni nani amkaguaye mkaguzi? Umeme ukikatika Homa Bay na kompyuta ya ukaguzi ikazimika, kimya chake chaweza kudhaniwa kuwa ni habari njema. Dawa yake ni rahisi. Mashine iagizwe itume ujumbe kila Jumatatu hata kama hakuna tatizo, iseme imekagua anwani kadhaa na zote ni nzima. Jumatatu ikipita bila ujumbe, mhusika ajue kwamba mlinzi amelala. Nao ujumbe huo uende kwenye anwani ya ofisi isomwayo na watu wawili au watatu. Chuo tulichokitaja mwanzoni hakikukosa ukumbusho. Kilikosa msomaji wa ukumbusho.

SI KILA ONYO LINA KOSA MOJA

Walimu wa somo la kompyuta wanajua kisa kingine ambacho huwatatiza wengi. Kompyuta za shule nyingi ni za zamani, na ndani ya kila moja mna betri ndogo inayoiwezesha kukumbuka tarehe inapozimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikiamini kwamba ni Januari ya mwaka uliopita zamani. Ikitazama cheti cha leo, huona kwamba siku yake ya kuanza bado haijafika, ikaonya. Tovuti ni nzima na cheti ni kizima, kasoro ni ya saa. Kabla ya kulaumu tovuti, mwalimu na atazame tarehe iliyo pembeni mwa kioo.

Vilevile simu kongwe na kompyuta za kupewa zina orodha kongwe za mamlaka. Septemba 30, 2021 cheti kikuu kimoja cha zamani kilichokuwa kikivishikilia vyeti vya Let's Encrypt kiliisha muda, na vyombo vingi visivyofanyiwa masasisho vikashindwa kufungua tovuti zisizo na kosa lolote. Hivyo onyo lilelile laweza kutokana na tovuti, saa, au uzee wa simu. Mwanafunzi akifunzwa kulisoma onyo badala ya kulifuta, ataweza kutofautisha. Hilo ni somo la mantiki kama lilivyo la kompyuta.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tumesikia hoja za wale wanaoona kwamba haya ni makuu yasiyo na maana. Wa kwanza husema kwamba tovuti ya shule yao ni ya matangazo tu, haina siri yoyote. Twawauliza: je, haina nambari ya kulipia karo kwa simu? Asiyelindwa na cheti aweza kubadilishiwa maneno njiani. Mzazi wa Mfangano aliyeuza samaki wake apate karo ya mwanawe aweza kuonyeshwa nambari ya mlaghai kwenye ukurasa wenye picha na nembo halisi ya shule. Siri haikuibwa, lakini karo imekwenda.

Wa pili husema kwamba hata walaghai wana vyeti. Hilo ni kweli, nasi hatulifichi. Cheti huthibitisha jina, hakithibitishi tabia. Mlaghai aliyesajili anwani inayofanana na ya chuo aweza kupewa cheti halali kwa anwani yake hiyo. Kwa hivyo kufuli lisichukuliwe kuwa kibali cha uaminifu. Msomaji na asome jina lenyewe hadi mwisho. Nchini Kenya anwani zinazokoma kwa go.ke zimetengewa serikali, ac.ke vyuo, na sc.ke shule. Isitoshe, vyeti vinavyotolewa siku hizi huandikwa katika madaftari ya hadhara ambayo mtu yeyote aweza kuyapekua, na chuo chenye bidii chaweza kuiagiza mashine ikiarifu kila cheti kipya kinapotolewa kwa jina lake.

Wa tatu hutukumbusha kwamba Julai 2023 huduma ya eCitizen ilishambuliwa ikakwama, na cheti hakikuizuia hali hiyo. Naam. Yale yalikuwa mafuriko ya maombi ya uongo yaliyokusudiwa kuilemea mitambo. Cheti hakizuii mafuriko, kama vile kufuli haizuii moto. Lakini hatujapata kumsikia mtu akiacha kufunga mlango wake kwa sababu nyumba huweza kuungua.

Wa nne ndio wenye hoja nzito. Husema kwamba cheti kilichoisha saa sita za usiku hakimfungulii mwizi mlango dakika inayofuata, kwa kuwa mafumbo ya ujumbe bado yafanya kazi. Ni kweli. Madhara makubwa ya cheti kilichoisha muda si yale yanayotokea siku hiyo. Madhara yake ni mazoea. Mwanafunzi aliyeambiwa mara tano "bonyeza, uendelee" atabonyeza mara ya sita, na mara hiyo ya sita huenda onyo likawa la kweli kabisa: mtu ameketi kati yake na tovuti, akimpa cheti alichojitengenezea mwenyewe. Kila taasisi inayoacha cheti chake kife humfundisha mtoto wetu kupuuza king'ora. Mwalimu mzima hawezi kulifuta darasani somo ambalo mwanafunzi amefunzwa na taasisi anayoiheshimu.

SHULE NA VYUO VIONGOZE

Leo mtoto wa Muhuru Bay, wa Kehancha au wa Rusinga hana budi kupitia tovuti ili apate haki yake. Hupata nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, na mkopo wa masomo kupitia HELB. Mwalimu naye hushughulikia mambo yake ya kazi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kwa njia iyo hiyo. Nenosiri limekuwa ufunguo wa maisha ya mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo humtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde ipasavyo. Haifai kumtaka mtoto alete habari zake zote kisha tukampokea mlangoni pasipo mlinzi.

Twapendekeza mambo manne. Kwanza, serikali za kaunti hizi mbili, vyuo na shule zenye tovuti ziandike orodha ya anwani zao zote pamoja na jina la cheo, si jina la mtu, kinachowajibika kwa kila anwani. Mtu huhama, cheo hubaki. Pili, kazi ya kufanya upya vyeti iachiwe programu, na kazi ya kukagua iachiwe programu nyingine tofauti iliyo nje ya seva hiyo, ili moja ikikosea nyingine iseme.

Tatu, Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay vinaweza kuifanya kazi hii kuwa sehemu ya mafunzo. Wanafunzi wa kompyuta waunde mkaguzi wa tovuti za shule za jirani, watume ripoti kwa wakuu wa shule hizo, na wafundishe walimu namna ya kuisoma. Shule ingepata huduma, na mwanafunzi angepata kazi halisi ya kuonyesha atakapotafuta ajira. Tahadhari moja yafaa kutiliwa mkazo hapa. Kutazama cheti ambacho seva humpa kila mgeni si kosa. Kujaribu nenosiri la mtu au kupenya ndani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018. Vijana waambiwe mpaka huo ulipo kabla ya kuanza kazi.

Nne, wenye saiba waache kuwaambia wateja kwamba onyo ni kawaida. Waseme: "Ngoja kwanza tutazame tarehe, kisha tusome jina la tovuti." Ikiwa cheti kimekufa kweli, mteja apigiwe chuo simu badala ya kubonyezewa. Nao wakuu wa vyuo wanaotambua kwamba cheti chao kilikufa siku za mwisho za maombi wawe na uungwana wa kuongeza muda. Haifai mtoto aliyelitii onyo apoteze nafasi kwa kosa lisilo lake.

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori zipo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka wa 2018. Kuta hizo zilijengwa bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, na malango yake ni membamba. Jadi ya kujenga maboma ya aina hiyo ilidumu katika bonde la Ziwa Viktoria tangu karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 20. Ukuta usio na saruji hausimami kwa miaka hiyo yote kwa sababu ya ustadi wa fundi wa kwanza peke yake. Husimama kwa sababu kila kizazi kiliuzunguka, kikaona jiwe lililoteguka, kikalirudisha mahali pake kabla jirani yake halijafuata.

Wazee wetu walilizunguka boma kwa miguu. Sisi tumejaliwa mashine zinazoweza kulizunguka kila alfajiri zisichoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu twaujua hadi tarehe yake, kwani imeandikwa juu ya cheti chenyewe. Tovuti za shule na vyuo vyetu zikikaguliwa hivyo, mwalimu atakuwa na la kumjibu mwanafunzi atakayemuuliza mbona wanaonywa: onyo si kawaida, na hapa petu halitokei ila pana jambo.